Kipimo cha damu cha makovu ya ini: tuulize kwanza kimejaribiwa kwa nani

Mama huyo alitupigia simu saa mbili na dakika chache asubuhi, kipindi cha afya kikiwa kinaelekea ukingoni. "Shikamoo mama," tukamsalimu. "Marahaba wanangu. Napiga kutoka Ukerewe. Nina karatasi mbili mkononi na sijui niamini ipi."

Karatasi zote mbili zilikuwa za mwanawe, mvuvi wa miaka 31, aliyegundulika kuwa na virusi vya homa ya ini aina ya B siku alipokwenda kuchangia damu kwa ajili ya shemeji yake. Alishauriwa apime damu ili ijulikane kama ini limeanza kuwa na makovu. Maabara ya kwanza ilitoa namba 0.9, akaambiwa makovu yapo ila ini bado halijasinyaa. Siku nne baadaye alipima kwingine, ikatoka 1.1. Huko akaambiwa ini limeanza kusinyaa. Kijana alirudi nyumbani akajifungia chumbani, hataki kwenda ziwani wala hataki kula.

Tulimwomba mama asome kila kilichoandikwa kwenye karatasi, pole pole. Mtaalamu wa maabara tuliyekuwa naye studio akaandika. Kimeng'enya cha AST kilikuwa 54 kwenye karatasi moja na 55 kwenye nyingine. Chembe sahani zilikuwa 150 na 152. Kwa maneno mengine, damu ya kijana ilikuwa ile ile. Tofauti ilikuwa kwenye maandishi madogo pembeni, ambayo mama alitaka kuyaruka: maabara ya kwanza inahesabu AST ya kawaida kuwa mwisho 40, ya pili inahesabu mwisho 32. Namba hiyo ndiyo inayogawanya. Ukigawanya 54 kwa 40, ukagawanya tena kwa 150 na kuzidisha kwa 100, unapata 0.9. Ukifanya hivyo hivyo kwa 55, 32 na 152, unapata 1.1. Na kwa bahati mbaya, mpaka unaotumika kutenganisha makovu na ini lililosinyaa ni 1.0, uko katikati kabisa ya karatasi zake mbili.

Tangu siku ile simu hazijakoma. Wengi wenu mmetuuliza kuhusu vipimo vipya vya damu vya makovu ya ini mnavyoviona kwenye matangazo ya simu, vinavyodaiwa kutoa jibu bila sindano ya tumboni na bila safari ya Dar es Salaam. Je, vinaaminika? Sisi ni watangazaji, si madaktari, lakini tumezungumza na watu wa maabara na kusoma kilichochapishwa. Tulichokiona ni kwamba swali la kuaminika au kutoaminika halitoshi. Kitendanishi kinaweza kuwa kizuri sana mahali kilipojaribiwa na kikakosea watu mahali pengine. Jambo hilo limekwisha kutokea kwetu Afrika.

Kovu lisilouma

Ini likiumizwa kwa muda mrefu, iwe na virusi, pombe, mafuta au vimelea, hujiponya kwa kutengeneza kovu, kama ngozi inavyofanya. Makovu yakizidi, yanashikana, ini linakuwa gumu na mwishowe linasinyaa. Wataalamu hupanga hali hiyo kwa hatua, kuanzia sifuri hadi nne, nne ikiwa ndiyo ini lililosinyaa. Kinachotisha ni kwamba hatua za mwanzo haziumi. Mtu analima, anavua, anazaa, anaimba kwaya. Wengi huja hospitalini tumbo likiwa limejaa maji au wakitapika damu, na wengine huja wakiwa tayari na saratani.

Kwa takwimu za Shirika la Afya Duniani, WHO, watu milioni 254 walikuwa wakiishi na homa ya ini B mwaka 2022, na ugonjwa huo uliua watu milioni 1.1 mwaka huo huo. Kati ya wote wenye virusi, asilimia 13 tu walikuwa wamepimwa na kujijua, na karibu asilimia 3 ndio waliokuwa wakipata dawa. Dawa yenyewe, tenofovir, wengi mnaijua kwa sababu ndiyo hiyo hiyo inayotumika kwa VVU. Kwenye soko la dunia bei yake ya rejea ni takriban dola 2.4 za Marekani kwa mwezi. Dawa ni rahisi, wagonjwa ni wengi, na bado hawakutani.

Sababu mojawapo ni kwamba si kila mwenye virusi huanzishiwa dawa siku ile ile. Wengi hukaa nayo miaka bila ini kuharibika. Kwa hiyo daktari anatakiwa kujua nani ana makovu na nani hana, na hapo ndipo kipimo kinapokuwa mlango. Kipimo kikisema una makovu, unaingia. Kikisema huna, unaambiwa urudi baada ya miezi kadhaa, na wengi hawarudi.

Namna tatu za kuangalia

Njia ya zamani ni kuchoma sindano ubavuni na kuchukua kinyama cha ini, kisha kukitazama kwa darubini. Kinaumiza, kina hatari ndogo ya kuvuja damu, na kinahitaji mtaalamu wa kukisoma. Lakini kina kasoro nyingine ambayo haisemwi sana: kinyama hicho ni takriban sehemu moja kati ya 50,000 ya ini zima. Makovu hayasambai sawasawa. Sindano ikipita pasipo na kovu, jibu litakuwa zuri kuliko hali halisi. Tunalitaja hili kwa sababu vipimo vingi vipya hupimwa kwa kulinganishwa na kinyama hicho hicho. Ukisikia kipimo "kimekubaliana na kinyama kwa asilimia kadhaa", kumbuka kwamba hata hakimu naye anakosea.

Njia ya pili ni mashine inayogonga ubavu kwa mtikisiko mdogo na kupima jinsi unavyosafiri ndani ya ini. Ini gumu huusafirisha haraka. Jina linalojulikana zaidi ni FibroScan, iliyotengenezwa Ufaransa. Haiumi na jibu linatoka hapo hapo kwa kipimo cha kilopaskali. Tatizo ni bei ya mashine, matengenezo, na ukweli kwamba mtu wa Ukerewe lazima apande kivuko ili aifuate, na kwa kawaida si kivuko tu.

Njia ya tatu ni damu. Hapa pana makundi mawili ambayo matangazo huyachanganya. Kundi la kwanza halipimi kovu lenyewe. Linachukua vipimo vya kawaida ambavyo hospitali ya wilaya inavyo, vimeng'enya vya ini na chembe sahani, na kuvipigia hesabu. Namba ya mama wa Ukerewe inatoka huku. Inaitwa APRI, na ilichapishwa Marekani mwaka 2003 kutokana na wagonjwa wa homa ya ini aina ya C, si B. Uzuri wake ni kwamba haihitaji kitendanishi kipya chochote. Kalamu na karatasi vinatosha.

Kundi la pili linatafuta kwenye damu mabaki ya ujenzi wa kovu. Kinachojulikana sana Ulaya kinaitwa ELF. Kinapima vitu vitatu kwa pamoja: asidi ya haialuroniki, kipande cha protini kinachobaki kolajeni mpya inapotengenezwa, na protini inayozuia kolajeni isivunjwe. Uingereza, taasisi inayoshauri huduma za afya iitwayo NICE ilikipendekeza mwaka 2016 kwa watu wenye mafuta kwenye ini, na Marekani ilikiruhusu mwaka 2021 kwa wagonjwa wa aina hiyo. Japani nao wana chao, kinachoangalia sukari iliyobadilika kwenye protini moja ya damu ini linapoharibika. Huko kimekuwa kikilipwa na bima tangu mwaka 2015. Vyote hivi ni kazi nzuri ya sayansi. Angalieni tu vilijaribiwa kwa nani: wazungu wenye mafuta kwenye ini, na Wajapani ambao wengi wao walikuwa na homa ya ini C.

Kizingiti kilichowaacha watu nje

Mwaka 2015 WHO ilitoa mwongozo wake wa kwanza wa kutibu homa ya ini B. Kwa nchi zisizo na mashine, ilisema tumieni APRI, na anayezidi 2.0 ahesabiwe ana ini lililosinyaa, aanze dawa. Ulikuwa ushauri wa nia njema. Namba hiyo ilitokana na tafiti zilizokuwepo, na tafiti nyingi zilifanyika nje ya Afrika.

Gambia waliona mapema kwamba mambo hayako hivyo. Watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko na Senegal walichapisha mwaka 2016 hesabu nyingine, iliyotumia kimeng'enya cha GGT badala ya AST. Kwa wagonjwa wa Gambia na Senegal ilifanya vizuri kuliko APRI. Wakaijaribu kwa wagonjwa wa homa ya ini B waliokuwa Ufaransa, na huko haikuwa na ubora wowote wa ziada. Hesabu ni ile ile na virusi ni vile vile, lakini watu ni wengine na mazingira ni mengine. Kwetu sisi huo ni ushahidi unaopaswa kubandikwa ukutani katika kila ofisi inayonunua vitendanishi.

Kisha mwaka 2023 ukatoka utafiti mkubwa zaidi. Uliunganisha taarifa za wagonjwa 3,548 wa homa ya ini B kutoka nchi nane za Afrika kusini mwa Sahara, wote wakiwa wamepimwa damu na pia ugumu wa ini kwa mashine. Swali lilikuwa rahisi: kizingiti cha 2.0 kinawakamata wangapi kati ya wale ambao mashine inaonyesha ini limesinyaa? Jibu lilikuwa asilimia 16.5.

Tuliweke kwa lugha ya barazani. Watu 100 wenye ini lililosinyaa wamekaa kwenye benchi, wote wanahitaji dawa. Kipimo kinawaita ndani 16 au 17. Wengine zaidi ya 80 wanaambiwa waende nyumbani. Kitendanishi hakikuwa kibovu, mashine haikuharibika, na mtaalamu wa maabara hakukosea. Kilichokosea ni mstari, na mstari huo ulichorwa kwa kutazama damu za watu wengine.

Watafiti hao walipendekeza kwamba kwa Afrika anayezidi 0.65 achukuliwe kuwa huenda ini limesinyaa. Hata hapo, kipimo kinawakamata 56 kati ya 100, na kati ya wasio na ugonjwa kinawaacha 90 kwa amani na kuwatisha 10. Si ajabu, lakini ni zaidi ya mara tatu ya mwanzo. Mwaka 2024 WHO ilibadilisha mwongozo wake. Sasa APRI inayozidi 0.5 inatosha kusema pana makovu ya kuanzishia dawa, na inayozidi 1.0 inaashiria ini lililosinyaa. Kwa mashine, namba ni kilopaskali 7 na 12.5. Mwongozo mpya pia umefungua milango mingine ya kuingilia, kwa mfano kwa mwenye VVU au mwenye ndugu aliyeugua saratani ya ini, hata kama namba ya makovu iko chini.

Kwa hiyo kijana wa Ukerewe, awe 0.9 au 1.1, kwa mwongozo wa sasa amevuka kizingiti cha dawa kwa karatasi zote mbili. Kwa mwongozo wa 2015 angerudishwa nyumbani kwa zote mbili. Mama alipoelezwa hivyo alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Na wale waliorudishwa?" Hatukuwa na jibu la kumpa hewani.

Kukamata na kutisha

Mtu akileta kitendanishi kipya, kwa kawaida anatanguliza asilimia mbili. Ya kwanza ni ya kukamata: kati ya wagonjwa 100, anawaona wangapi. Ya pili ni ya kutowasumbua wazima: kati ya wasio wagonjwa 100, anawaacha wangapi. Tuseme analeta kipimo kinachokamata 80 na kuwaacha 90. Kinasikika vizuri, na ni kizuri.

Kipeleke kwenye kliniki ya ini ya hospitali ya rufaa, ambako kati ya watu 1,000 wanaofika, 300 wana makovu makubwa. Kitakamata 240 kati yao, na kitawasingizia watu 70 kati ya wale 700 wengine. Ukipewa jibu la "ndiyo" hapo, uwezekano wa kuwa kweli ni zaidi ya robo tatu. Sasa kibebe kipimo hicho hicho ukakiweke chini ya hema kwenye gulio, upime watu 1,000 wanaopita, ambao kati yao labda 30 tu ndio wagonjwa. Kitakamata 24, na kitawasingizia 97. Kati ya watu watano watakaoambiwa wana makovu ya ini, wanne watakuwa wameambiwa uongo. Kitendanishi hakijabadilika hata tone, ila waliokaa kwenye foleni ndio wamebadilika.

Ndiyo maana tunapinga kampeni za kupima makovu ya ini kwa kila apitaye, zinazofanywa siku ya maonyesho halafu watu wanaachwa na karatasi. Pima virusi kwanza. Mwenye virusi ndiye apimwe makovu. Na tunakubali kwamba kuna kosa moja zito kuliko jingine: kumpa tenofovir mtu ambaye angeweza kusubiri ni hasara ndogo kuliko kumkosa ambaye ini lake linakufa. Lakini si hasara sifuri. Dawa hii humezwa kwa miaka, na kuiacha ghafla kunaweza kuamsha virusi kwa nguvu. Kabla ya kuianza, VVU lazima vipimwe, kwa sababu mwenye VVU hatibiwi kwa tenofovir peke yake.

Kanda ya Ziwa ina yake

Hapa kwetu, kandokando ya Ziwa Victoria, kuna jambo ambalo London na Tokyo hawakulazimika kulifikiria walipokuwa wanatengeneza vipimo vyao: kichocho cha tumbo. Mayai ya minyoo hiyo hunasa kwenye vishipa vidogo vinavyoingiza damu kwenye ini, na makovu hujijenga kuzunguka vishipa hivyo. Damu inakosa njia, shinikizo linapanda, bandama linavimba. Bandama lililovimba huzihifadhi chembe sahani, hivyo kwenye damu ya mkononi zinaonekana zimepungua.

Rudi sasa kwenye hesabu ya APRI. Chembe sahani ziko chini ya mstari, ndizo zinazogawanya. Zikipungua nusu, jibu linaongezeka mara mbili. Malaria nayo huzishusha. Kwa hiyo mvuvi mwenye bandama kubwa la kichocho anaweza kupata namba ya kutisha wakati chembe hai za ini lake zinafanya kazi vizuri. Hatusemi hana ugonjwa. Ugonjwa anao, na kutapika damu kwa kichocho kunaua. Lakini dawa yake ya kwanza ni praziquantel, na picha ya ultrasaundi ikisomwa na anayejua ndiyo inayoonyesha makovu hayo ya kuzunguka vishipa.

Vitendanishi vya kundi la pili navyo haviepuki. Kinachotafuta mabaki ya kovu hakiulizi kovu limeletwa na nani. Na kuna wenye vyote viwili, virusi na minyoo. Kwenye visiwa na mialo yetu, hao si watu wa kubahatisha kuwapata. Jaribio la kitendanishi ambalo halikuwahusisha wagonjwa wa namna hii, hata lingefanywa kwa ustadi wa aina gani, halijajibu swali la Ukerewe, Sengerema wala Musoma.

Safari ya chupa ya damu

Mtaalamu wetu wa maabara alitaka tuandike pia kuhusu mambo madogo, na tunaona alikuwa na haki, kwa sababu ndiyo yanayoharibu kazi kubwa. Damu ikivutwa kwa nguvu, au chupa ikitikiswa kwenye bodaboda kwa saa mbili juani, chembe nyekundu hupasuka. Ndani yake mna AST. Inamwagika kwenye majimaji ya damu na kipimo kinapanda bila ini kuhusika. Chembe sahani nazo, chupa ikichelewa au isipochanganywa vizuri na dawa ya kuzuia kuganda, hushikana mafungu mafungu, na mashine huhesabu fungu zima kama moja au hailioni kabisa. Makosa haya mawili yanasukuma APRI upande mmoja, juu. Hata kazi ngumu ya misuli, kama kuvuta nyavu usiku kucha, inaweza kupandisha AST.

Kwenye kipimo cha ELF, asidi ya haialuroniki hupanda baada ya mtu kula. Kwa watoto na vijana wanaokua, kile kipande cha kolajeni kiko juu kwa sababu ya ukuaji wenyewe. Hayo si siri, watengenezaji wenyewe wanayajua. Lakini tangazo la simu haliyasemi.

Halafu kuna mashine. Vitendanishi vingi vya kundi hili hufanya kazi kwenye mashine ya kampuni iliyovitengeneza tu. Ukinunua kimoja, umenunua ndoa. Vinahitaji jokofu la nyuzi 2 hadi 8, na umeme ukikatika Ijumaa usiku, Jumatatu hakuna wa kusema kama bado vizima. Tumewahi kuona kwa macho yetu, katika kituo kimoja tusichokitaja, jokofu la vitendanishi likiwa na soda na maziwa ya mtindi. Waliokuwepo walicheka, nasi tukacheka. Baadaye ndipo tulipofikiria ni mara ngapi mlango ule hufunguliwa kwa siku.

Nani aulize, na aulize nini

Kwa Tanzania, vitendanishi na vifaa tiba husajiliwa na TMDA. Usajili unatazama kama bidhaa ni salama na inafanya kinachodaiwa na mtengenezaji. Hiyo ni kazi muhimu na haitoshi kwa swali hili, kwa sababu madai ya mtengenezaji yanatokana na wagonjwa aliowachagua yeye. Kinachotakiwa ni kipimo kichukuliwe, kiwekwe mbele ya wagonjwa wa hapa, waliopimwa pia kwa mashine ya ugumu wa ini na kuangaliwa kichocho kwa ultrasaundi, na anayesoma kipimo asijue mashine ilisema nini. Asijue kabisa, kwa sababu binadamu akijua jibu, jicho lake hulifuata. Kizingiti kipangwe kabla, si kutafutwa baadaye hadi kipatikane kinachopendeza. Damu ile ile ipimwe mara mbili, siku tofauti na watu tofauti, tuone kama inatoa jibu lile lile. Na matokeo yachapishwe hata yakiwa mabaya. Kanda hii ina hospitali ya rufaa, ina chuo cha tiba, ina kituo cha taifa cha utafiti wa magonjwa ya binadamu chenye uzoefu wa miaka mingi na kichocho. Hatuoni sababu ya kusubiri wengine watufanyie.

Wakati huo, kuna jambo dogo ambalo halihitaji fedha ya mtu. Maabara za mkoa mmoja zikubaliane namba moja ya kawaida ya AST ya kutumia kwenye hesabu ya APRI, au angalau waiandike kwa herufi kubwa karibu na jibu. Ingekuwa hivyo, kijana wa Ukerewe asingejifungia chumbani.

Kwako msikilizaji mwenye homa ya ini B: usitembee na jibu la mwisho peke yake. Omba karatasi yenye namba zote, AST, chembe sahani na kiwango cha kawaida cha maabara hiyo, uzihifadhi pamoja. Mwambie daktari kama umewahi kuugua kichocho, kama uliugua malaria wiki hiyo, na kama unakunywa pombe. Namba ikiwa karibu na mpaka, kurudia kipimo si uoga.

Mama alitupigia tena wiki iliyofuata, safari hii nje ya kipindi. Kijana alikubali kutoka. Amepimwa VVU, hana. Ultrasaundi imeonyesha bandama limevimba kidogo, na amemeza praziquantel. Daktari amemwandikia tenofovir na kumpa tarehe ya kupimwa kwa mashine ya ugumu wa ini. "Ameniambia safari hii tuchukue damu asubuhi kabla hajaenda kuvuta nyavu," mama alisema. Kisha akauliza kama tunaweza kumsomea tena hewani zile namba za kugawanya, maana jirani yake naye ana karatasi.